Mzee Imezima

Merti,
2 Oktoba 2024

Baba Faiza,

Salaam aleikum. Salamu zangu ni fupi kwa sababu maneno ni mengi na karatasi za kuazima ni chache. Naandika kwa kalamu kwa kuwa simu imenishinda. Juzi nilikupigia, ukasema "halo, halo, mtandao mbaya," ukakata. Nikapiga tena, ukaniambia mtandao wa Merti umefungwa kwenye pembe za mbuzi. Mimi huku nilikuwa nakusikia mpaka pumzi. Basi barua hii anakuletea Kotile wa pikapu, na barua haina mtandao wa kusingizia.

Arobaini ya Faiza imekwisha. Mtoto wake, Tiya, ana afya, na akilia anasikika ng'ambo ya mto. Kila mtu anajua kwamba mama aliyekuja kumtunza binti yake aliyejifungua hurudi kwake arobaini ikiisha. Mkwe wetu Jirma ananiheshimu sana, kiasi kwamba hawezi kukaa nami chumba kimoja. Siku hizi anaingia nyumbani kwake kwa mlango wa nyuma na kula chakula chake uani pamoja na mbuzi. Sijui nitamtesa mtoto wa watu mpaka lini. Lakini sirudi Isiolo, na sababu unaijua.

Nilipoondoka kulikuwa na runinga sebuleni, runinga chumbani, runinga koridoni, na moja jikoni juu ya pipa langu la unga. Zote zina mgongo, zote zina umri wa Faiza au zaidi. Nilikuwa na kabati la nguo nililokuja nalo nikiwa bibi harusi. Nikaenda sokoni kununua maziwa ya ngamia, nikarudi, nikakuta kabati limekwenda kwa yule Mmeru wa fanicha na mahali pake pamekaa runinga ya mbao yenye milango. Nilipokuuliza nguo zangu zitakaa wapi, uliifungua ile milango ukaniambia nyuma ya kioo kuna nafasi. Baba Faiza, ulitaka nitie madera yangu ndani ya runinga.

Halafu kuna ile uliyoipa jina. Ile kubwa nyeusi uliyoiita Mzee. "Mzee amelala vizuri." "Mzee leo ana picha safi." Mzee huyo amekalia kiti changu cha dirishani kwa sababu unasema meza haimtoshi. Alasiri wanakuja wazee wenzako kumtazama akitoa habari kwa kelele ya kubomoa ukuta, na wanakunywa chai, na mpika chai ni mimi.

Hayo yote ningeyavumilia. Nilivumilia malori yako miaka mingi, na mafuta ya gia kwenye mashuka yangu. Kilichonitoa ni kwamba nikisema nawe hunijibu. Nikisema nikiwa nyuma yako, unatazama kioo. Nikisema nikiwa kando, unatikisa kichwa, "ndiyo, ndiyo," na hapo nimekuuliza ni nani aliyefariki mtaa wa pili. Ningekuwa na antena kichwani pengine ungenigeukia. Mwanamke anaweza kushindana na mke mwenza. Na sanduku la nyaya atashindana nalo vipi?

Sharti langu ni moja tu: sebule iwe sebule. Ukishaitoa mizigo hiyo, nitumie neno na Kotile, nami nitapanda pikapu hiyohiyo. Usipoitoa, tafuta mtu mwingine wa kuwachemshia wazee chai.

Mkeo, kwa hasira,
Mwalimu Sahro


Isiolo, Wabera,
7 Oktoba 2024

Mama Faiza,

Wa aleikum salaam. Barua yako imefika na vumbi la Merti ndani yake. Namshukuru Mungu kwa afya ya Tiya. Mengine nimeyasoma nikiwa nimekaa, maana kusimama kulinishinda.

Kwanza simu. Mtandao wa Merti ni mbaya, hilo halina mjadala. Hata wa hapa Isiolo umeanza kuharibika. Ndugu yangu Khadar akinipigia kutoka Chechelesi, hapo karibu, namsikia kama mtu anayesema ndani ya gunia.

Pili tivii. Wewe unaona takataka kwa sababu hujawahi kukaa ukasikiliza. Ile nyembamba aliyotuletea Jirma wakati wa posa ni nzuri kwa macho, lakini inanong'ona kama watu wa kusengenya. Mtangazaji anafungua mdomo, anafunga mdomo, mimi naambulia midomo tu. Vitu vya siku hizi vimetengenezwa bila kifua. Tivii ya zamani ina sanduku la mbao na spika ya upana wa sahani, ikisema imesema. Shida ni kwamba nazo zinazeeka. Naleta moja, inasema vizuri kwa muda, halafu sauti inaanza kupungua. Ndipo nalazimika kutafuta nyingine. Si ulafi wa kukusanya kama unavyodhani. Natafuta moja tu yenye sauti ya kudumu. Nikiipata hiyo, zote zilizobaki nitazigawa.

Mzee anajitahidi kuliko wote. Nimemfungia king'amuzi kwa waya wa antena, maana bila hicho tivii za zamani hazishiki kitu tangu mitambo ibadilishwe. Sasa ameshika stesheni zote. Juzi wazee walikuja kutazama mpira, wakakaa muda wote wameziba masikio kwa vidole. Sijui ni mtindo gani huo.

Kabati lako lilikuwa na mchwa. Tivii yenye milango haina.

Nimeajiri mlinzi wa geti, maana watu wameanza kujua kwamba kuna mali hapa. Anaitwa Lokwang, Mturkana, mtu mzima mwenye adabu. Zamani alilinda bohari la mahindi. Wewe humjui, lakini utampenda.

Jambo la mwisho. Wanawake wa mtaa wanauliza mbona arobaini imepita na Mwalimu hajarudi. Sikutaka uaibike. Nimewaambia mtoto ana kifua. Jawahir wa dukani ameleta asali na ubani.

Rudi, Mama Faiza. Chai ya Lokwang haina maziwa, haina sukari, haina hata nia.

Mumeo,
Dahir

Nilisahau kukuambia: kuna tivii iko Marsabit, ilikuwa ya padri wa zamani. Wanasema ikiwashwa mbwa wa majirani wanabweka. Nimeiagiza.


Merti,
13 Oktoba 2024

Baba Faiza,

Astaghfirullah. Umempa mjukuu wako ugonjwa ili wewe usione haya? Maneno huumba, wewe mtu mzima! Faiza alisoma barua yako juu ya bega langu, akalia. Mama yake Jirma aliposikia akamvalisha mtoto hirizi nzito kuliko shingo yake, na tangu jana kila Tiya akipiga chafya nyumba nzima inanitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyeolewa na mwongo kwa makusudi. Mrudishie Jawahir asali yake. Mwambie mtoto ni mzima, mgonjwa ni babu yake.

Pili, sarufi. Nimefundisha Kiswahili mpaka nikastaafu, watoto wa wafugaji ambao hawakuwahi kukisikia nyumbani kwao wakafaulu, na wewe wa kitandani umenishinda. Umeniandikia "Mzee anajitahidi," "Mzee ameshika stesheni." Runinga haina roho! Runinga inajitahidi, imeshika, imezima. Herufi "a" ni ya mtu na mnyama. Hata uivalishe kofia na kuipa jina la babu yako, runinga ni "i". Wewe umeipandisha runinga ngeli ya watu, na mkeo umemweka koridoni.

Unasema unatafuta sauti ya kudumu. Sauti yangu imedumu nyumbani humo tangu unioe, na ilikuwa bure. Hiyo hukuitafuta.

Kuhusu mlinzi, sina la kusema. Mwizi gani wa Isiolo ataweza kuinua Mzee? Akitokea wa kuinua, mwambie huyo Lokwang amfungulie geti na ampe soda ya njiani.

Jana Jirma alijificha nyuma ya tangi la maji ili nipite. Ameshikwa na mafua kwa kulala kwenye upepo. Mimi nimekuwa mzigo kwa watu wenye heshima zao, kwa sababu nyumba yangu imejaa vioo. Nakuambia kwa mara ya mwisho: sebule au mimi. Usiniletee habari za spika.

Sahro


Isiolo, Wabera,
19 Oktoba 2024

Mama Faiza,

Wa aleikum salaam, ingawa safari hii salamu hukuziandika.

Asali nimeirudisha. Jawahir hakuipokea. Amesema kama mtoto ni mzima basi niile mimi, ninaonekana vibaya.

Ile ya Marsabit imefika, juu ya lori la mbuzi. Nimeizungusha sauti mpaka mwisho wa kitufe. Inasema kwa mbali, kama mtu aliye upande wa pili wa uwanja wa ndege. Nimekasirika sana. Nilimwambia Lokwang aliyeniuzia ni tapeli, nikageuka, nikakuta Lokwang yuko nje ya geti ameshika kichwa. Na mbwa wote wa mtaa walikuwa wamekusanyika pale, sijui nani aliwaita.

Nimefikiri juu ya sharti lako. Nitakupa nusu ya sebule, upande wa dirisha. Zaidi ya hapo usinibane, Mama Faiza. Nikizitoa zote nitabaki na nini? Nyumba imekuwa kimya mno tangu uondoke. Hata imamu naona siku hizi ameishusha adhana. Inabidi nitazame saa ya ukutani ndiyo nijue wakati wa swala umefika.

Kichwa kinanigonga kidogo. Nadhani ni hili joto la kabla ya mvua.

Dahir


Isiolo
26 Oktoba 2024

Habari Mama,

Mimi ni Lokwang ya geti. Nimepiga simu ya Merti asubuhi yote inakataa, watu wanasema mvua imeangusha mnara yenu. Kwa hivyo naandika mbio, nampa mtu ya boda akimbize kwa Kotile kabla gari iondoke.

Mama, Mzee imezima. Jana jioni ilikuwa sebuleni sawa sawa, ilikuwa inaongea mambo ya serikali na nguvu. Halafu nikasikia imenyamaza. Nikaingia nikakuta imezima kabisa. Nikaigusa, ilikuwa moto. Nikaigonga mgongo, ikafanya kama inataka kuamka, ikazima tena.

Nimeita majirani tukaibeba na gari, ni nzito sana. Tumeipeleka kwa wataalamu. Wanasema moto ilipanda mpaka kichwa. Wanasema pia imezeeka, inaweza kuzima mara ingine. Sasa wanataka kuangalia ndani na mashine, lakini wanauliza mwenyewe anasema nini. Khadar ako safari. Mwenyewe ni wewe.

Nifanye nini? Tuma neno.

Lokwang


Merti,
27 Oktoba 2024

Kwa Lokwang,

Salamu. Hatujaonana, lakini barua yako imenifurahisha kuliko zote zilizotoka nyumba hiyo mwaka huu.

Kwanza nakupongeza kwa sarufi. Umeandika "Mzee imezima." Wengine wangeandika "amezima", kana kwamba hapo kuna mtu. Hapo hakuna mtu. Kuna kitu kilichochakaa, ambacho kimenimalizia nafasi na subira.

Umeuliza ufanye nini. Usifanye lolote. Wataalamu wasijisumbue kuangalia ndani, ndani hamna kitu. Nimeishi nacho, najua. Kisirudi nyumbani kwangu. Wakikitaka, wabaki nacho. Wasipokitaka, kitolewe nje wapewe watu wa vyuma chakavu, hata bure. Kimekula wakati wake na wangu pia, na kelele zake zimenichosha.

Nikisikia kimeondoka kabisa, nitarudi Isiolo siku hiyohiyo, na nitakupikia pilau kwa mikono yangu.

Mwalimu Sahro


Isiolo, Chechelesi,
3 Novemba 2024

Mwalimu Sahro,

Salaam aleikum.

Barua uliyomwandikia Lokwang ilinikuta wodini. Mwandiko wako wa kuunganisha ulimshinda, akanipa nimsomee. Nikakaa kitandani nikaisoma kwa sauti, nikijua umeandika kunijulia hali. Nilipofika "hapo hakuna mtu" nikaona wagonjwa wote wamenigeukia. Muuguzi alisimama na sindano mkononi. Nikaendelea mpaka kwenye vyuma chakavu na pilau, kwa sababu jambo ukilianza mbele za watu unalimaliza.

Ilikuwa presha. Nilianguka sebuleni, Lokwang akanipeleka hospitali na majirani. Daktari alitaka kunipima moyo, akauliza mke wangu yuko wapi. Ndiyo maana ukaandikiwa.

Nilijua umekasirika. Sikujua hasira yako imefika hapo. Nimekaa nawe maisha yangu yote ya utu uzima, tumezika wazazi wetu pamoja, tumemlea Faiza, na leo hii umenitoa hata kwenye ngeli ya watu, ukampongeza mlinzi kwa kunitoa. Lakini mwalimu ni wewe. Ukisema mimi ni kitu, nani atakusahihisha?

Walinipima bila neno lako. Ndani kulikuwa na moyo, wameuona. Nimepewa vidonge. Khadar amerudi safari na kunichukua kwake Chechelesi.

Sharti lako limetimizwa. Lokwang amezitoa tivii zote, ziko uani chini ya turubali, pamoja na Mzee, ambaye bado anawaka vizuri kuliko mimi. Ile yenye milango nimempa Mmeru anirudishie kabati lako. Lilikuwa na mchwa kweli, nenda ukaone. Kiti chako kiko dirishani, hakuna aliyekikalia. Nyumba ni yako. Mimi sitarudi kukusumbua.

Mpikie Lokwang pilau yake. Uliahidi, na kilichokuwa kiondoke kimeondoka.

Dahir


Isiolo, Wabera,
6 Novemba 2024

Dahir,

Soma mpaka mwisho kabla hujaikunja. Barua ile ilikuwa ya runinga! Kila neno lake lilikuwa la runinga. Wallahi niliandika nikidhani Lokwang ananiambia kwamba lile sanduku jeusi limeungua. Wewe mwenyewe ndiye uliyeliita Mzee! Nilipopata barua yako kule Merti nilifungasha papo hapo. Faiza alinishika mkono mpaka kwenye pikapu. Kotile mwenyewe hakujua kitu, barua alirushiwa dirishani na mtu wa boda.

Nimeteremka leo adhuhuri, nikaja Chechelesi moja kwa moja na vumbi langu. Khadar hakuwepo. Nilisimama mlangoni nikapiga hodi. Nikapiga tena. Nikaita jina lako mpaka wanawake wa nyumba za jirani wakatoka. Nilikuona kwa upenyo wa mlango, umekaa kwenye mkeka, umenipa mgongo. Hukugeuza hata shingo. Nikasema basi, amenikataa. Nyumba ya shemeji siwezi kuiingia bila kukaribishwa, mwenyewe hayupo. Nikarudi Wabera kwa miguu nikilia, na njia nzima watu wananipa pole ya kifua cha Tiya. Hilo nalo tutaliongea.

Lokwang akanifungulia geti. Nilimvaa hapohapo. Nikamuuliza, "Kwa nini uliniandikia Mzee imezima?" Akanishangaa. "Kwani haikuzima, Mama? Si bwana yako ilianguka hapa?" Nikamwambia runinga ndiyo "i", mtu ni "a". Akasema, "Mimi mtu yote naiita hivyo. Hata mama yangu, Mungu aiweke vizuri." Dahir, nimesahihisha madaftari ya watoto maisha yangu yote, na nikaletewa kosa hilo, nikalitia alama ya vema, nikaandika na pongezi pembeni. Nicheke au nijipige makofi?

Bado nilikuwa na hasira. Nikamwambia, "Na huyo bwana yako nimemwita mlangoni mpaka koo limekauka, amenipa mgongo." Hapo Lokwang akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Akasema, "Mama, kwani wewe haujui? Mzee haisikii. Mimi nikitaka kuiambia kitu nazunguka mbele nainua mkono. Hizi tivii inafungua sauti mpaka mwisho, inaniuliza, Lokwang, hii unasikia? Nikisema nasikia mpaka meno inauma, inakasirika, inasema nadanganya."

Nikaenda uani nikainua turubali. Nimezitazama moja baada ya nyingine. Vitufe vya sauti vyote vimezungushwa mpaka pale visipoweza kuzunguka tena, hata ile ya jikoni, hata Mzee. Nikakaa chini palepale.

Tivii hazijapoteza sauti, Dahir. Wala si mtandao wa Merti. Wala imamu hajaishusha adhana, nimeisikia sasa hivi, imenipasua kichwa. Ni masikio yako. Na wewe unajua. Nadhani umejua muda mrefu, ukaona afadhali ujaze nyumba vyuma kuliko kulisema neno moja mbele yangu.

Nina hasira nawe ambazo sijui niziweke wapi. Mimi nilikuwa nasema nyuma yako, na kila ukikaa kimya nahesabu dharau. Nikakubeba moyoni kama mume asiyenijali. Nimekwenda kumtesa Jirma wa watu na mafua yake, nimekaa mbali nawe ukaanguka peke yako sebuleni, yote kwa sababu hunijibu. Na ulikuwa hunisikii! Ungeniambia, Dahir. Ningezunguka tu nije mbele yako. Hivyo tu. Lokwang amelijua hilo, na hana hata miezi miwili hapa.

Ningerudi Chechelesi sasa hivi, lakini mambo haya siwezi kuyapigia kelele mlangoni, mtaa mzima uyasikie isipokuwa wewe. Ndiyo maana naandika, na tuko mji mmoja. Lokwang anakuletea. Nimemwambia asimame mbele yako mpaka umalize.

Naomba uniambie kama naweza kuja.

Sahro


Chechelesi,
6 Novemba, baada ya alasiri

Sahro,

Nimesoma yote. Lokwang bado amesimama hapa, amenikodolea macho, hataki hata kukaa.

Khadar amefika sasa hivi. Anasema nyumba yake ni yako, uje.

Usipige hodi. Sisikii, Sahro. Ingia tu, uzunguke, uje mbele yangu.

Dahir